JERAHA LA MKONO WA JUU: MSULI NA KANO VIKIKATWA



Daftari la kupokea mazao huandikwa kwa ajili ya hesabu ya kilo na malipo, lakini mara nyingine hueleza habari nyingine ambayo hakuna aliyekusudia kuiandika. Mwanachama aliyekuwa akileta kahawa nyingi kila msimu huonekana ghafla akileta robo yake. Shamba halikuungua, wala mibuni haikuingiwa na ugonjwa. Ukiuliza sababu, aghalabu waambiwa kwa maneno machache tu: "Alijikata panga mkononi." Nguvu ya mkono mmoja imepungua, na pamoja nayo yamepungua mapato ya nyumba nzima, karo za watoto, na marejesho ya mkopo wa pembejeo ambao chama kizima kiliudhamini.

Kwa sababu hiyo jeraha la mkono ni jambo la ushirika kama lilivyo jambo la zahanati. Makala haya yanaeleza jeraha la mkono wa juu, yaani sehemu iliyo kati ya bega na kiwiko: jinsi sehemu hiyo ilivyojengwa, mambo ya kufanya pale pale shambani au ghalani, matibabu ambayo majeruhi hupata hospitalini, na wajibu wa chama. Hayakuandikwa ili kumfanya katibu awe mganga. Yameandikwa ili katibu ajue lipi ni jeraha dogo na lipi si dogo, maana hapo ndipo mikono mingi hupotea.

1. MKONO WA JUU UMEJENGWAJE

Mkono wa juu una mfupa mmoja mrefu. Mbele ya mfupa huo iko misuli miwili mikubwa. Wa juu ni ule unaotuna mtu akunjapo mkono. Tuuite hapa msuli wa mbele. Chini yake, karibu na mfupa, umelala msuli wa pili ambao nao hukunja kiwiko. Nyuma ya mfupa uko msuli mkubwa unaonyoosha kiwiko, ambao twautumia kusukuma toroli, kupiga jembe na kujiinua kutoka kitini.

Msuli ni nyama laini yenye nyuzi ziwezazo kujivuta na kufupika. Lakini msuli wenyewe haukugandamana na mfupa sehemu zote. Mwishoni hugeuka kuwa kano, yaani kamba nyeupe, ngumu, isiyonyumbuka sana, ambayo ndiyo ishikayo mfupa. Msuli ni kama ng'ombe avutaye, na kano ni kama mnyororo uliofungwa kwenye jembe. Mnyororo ukikatika, ng'ombe aweza kuwa mzima kabisa na shamba lisilimwe.

Msuli wa mbele una kano mbili juu, begani, na kano moja chini, mbele ya kiwiko. Kano hiyo ya chini imeshika ule mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Kwa hiyo msuli huu una kazi mbili: kukunja kiwiko, na kugeuza kiganja kitazame juu, kama mtu apokeaye sahani au akazaye parafujo. Kazi hii ya pili husahauliwa sana, nayo ni muhimu, kama tutakavyoona.

Pamoja na misuli hiyo hupita vitu vingine ambavyo ni vya hatari zaidi kukatwa. Upande wa ndani wa mkono wa juu, toka kwapani hadi mbele ya kiwiko, hupita mshipa mkubwa wa damu itokayo moyoni. Huo ndio unaolisha kigasha na kiganja chote. Karibu nao hupita mishipa ya fahamu miwili mikubwa iendayo kwenye vidole. Mshipa wa fahamu wa tatu huzunguka nyuma ya mfupa na kutokeza upande wa nje, juu kidogo ya kiwiko. Huo ndio uinuao kifundo cha mkono na kunyoosha vidole. Panga halichagui. Likipita msuli laweza kukata na mishipa hiyo, na jeraha likaonekana kwa nje kuwa ni moja tu.

2. JINSI MKONO UKATWAVYO

Katika kazi zetu hatari zajulikana. Panga huteleza wakati wa kufyeka au kukata migomba, hasa pale wafanyakazi wawili wanapokaribiana. Mundu wa kukatia majani ya ng'ombe hurudi na kumkata mwenyewe. Bati linaloezekwa juu ya ghala huponyoka na kuteremka kama kisu. Aliye chini huinua mkono kujikinga, nalo humpata mkono wa juu au mbele ya kiwiko. Wengine huumia kwa kioo kilichovunjika, au kwa mkanda na gurudumu la mashine isiyo na kinga.

Ukataji wa chombo kikali hutofautiana na ule wa mashine. Panga na bati huacha kingo safi, na sehemu zilizokatwa zaweza kuunganishwa vizuri zikishughulikiwa mapema. Mashine hupondaponda na kurarua. Msuli uliopondwa hufa sehemu, nao huhitaji kusafishwa na kuondolewa sehemu iliyokufa kabla ya kushonwa. Yote mawili huingiza uchafu ndani ya jeraha.

3. MAMBO YA KUFANYA PAPO HAPO

(a) Jikinge kwanza. Simamisha mashine, weka panga kando. Vaa mipira ya mikono; kama haipo, tumia mfuko safi wa plastiki. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini hupitia katika damu.

(b) Kandamiza. Mlaze majeruhi chini, weka kitambaa safi juu ya jeraha na kandamiza kwa nguvu kwa kiganja. Usiinue kitambaa kila mara kutazama. Shikilia dakika 10 kamili kwa saa. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine na hakikisha mkandamizo uko mahali hasa damu itokapo. Majeraha mengi ya mkono, hata yale ya kutisha, hukoma kutoa damu kwa njia hii peke yake.

(c) Jeraha likiwa refu kwenda ndani, au likiwa juu sana karibu na kwapa, na damu haikomi, jaza kitambaa safi ndani ya jeraha mpaka kisikie ugumu, kisha kandamiza juu yake.

(d) Damu ikiruka kwa nguvu, au ikitiririka bila kukoma ijapokuwa umekandamiza, funga mkono juu ya jeraha. Tumia kipande cha nguo kilichokunjwa, chenye upana usiopungua sentimita 4. Kifungwe sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa bega, wala kisifungwe juu ya kiungo. Pitisha kijiti katika fundo, kizungushe mpaka damu ikome, kisha kifunge kijiti kisirudi. Andika saa uliyofunga kwenye karatasi na uibandike mahali panapoonekana, au uiandike kwenye paji la uso wa majeruhi. Usilegeze njiani, kazi ya kulegeza ni ya hospitali. Mkono uliofungwa hivyo unahitaji kufika kwa daktari kabla ya saa 2 kupita kama iwezekanavyo. Kamwe usitumie waya, kamba nyembamba ya katani au uzi wa nailoni, maana hivyo hukata nyama na mishipa ya fahamu na bado damu ikaendelea kutoka.

(e) Kama kitu kimechoma na kubaki ndani, kwa mfano kipande cha bati au kioo, usikichomoe. Kandamiza pembeni mwake na ukizungushie vitambaa kisitikisike.

(f) Damu ikishakoma, funga jeraha kwa bendeji, na uuning'inize mkono shingoni kwa kanga au kitambaa kipana, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Mfunike majeruhi apate joto. Vua pete na saa mkononi mapema, kabla ya kuvimba.

(g) Mpeleke. Asipewe chakula, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji. Apelekwe na mtu aliyeona tukio, aweze kueleza saa ya kuumia, chombo kilichomkata na damu iliyopotea.

4. MAMBO YA KUTOFANYA

Yapo mazoea ambayo hapana budi tuyaache. Usitie katika jeraha udongo, majivu, kahawa ya unga, sukari, mafuta ya taa, samadi, wala majani yaliyotafunwa. Vitu hivi havifungi mshipa uliokatika. Vinaficha jeraha, vinaingiza vijidudu, na vinampa daktari kazi ya saa nzima ya kusafisha kabla ya kuanza matibabu yenyewe. Udongo na samadi ndiyo makao ya vijidudu vya pepopunda.

Usiruhusu jeraha la kina lishonwe ngozi tu na mtu asiyelichunguza. Ngozi ikishashonwa jeraha huonekana zuri, majeruhi hurudi nyumbani akishukuru, huku kano na mshipa wa fahamu vikibaki vimetengana chini yake.

5. KUTAMBUA KILICHOKATWA

Si kazi ya katibu kupekua jeraha kwa kidole. Lakini yapo maswali mepesi yasiyohitaji kugusa jeraha, na majibu yake yafaa yaandikwe kwenye karatasi iendayo pamoja na majeruhi. Yaulizwe baada ya damu kukoma, wala yasicheleweshe safari.

Damu: Je, vidole vina joto na rangi yake ya kawaida ukilinganisha na mkono wa pili? Je, mapigo yasikika kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba? Vidole vikiwa baridi na mapigo hayapo, mshipa mkubwa huenda umekatika. Msuli usiopata damu huanza kufa. Baada ya saa 6 hivi madhara huwa makubwa na huenda yasirekebike. Hapa hakuna kusubiri gari la kesho.

Fahamu: Mwambie majeruhi ainue kifundo cha mkono na vidole kama anayemsimamisha mtu. Mkono ukilegea na kuanguka, mshipa unaozunguka nyuma ya mfupa umeumia. Mwambie akutanishe ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada afanye duara. Mwambie atanue vidole vyote. Kisha mguse polepole ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole cha mwisho, na mgongo wa kiganja kati ya kidole gumba na cha shahada, akiwa amefumba macho. Mahali asipohisi, andika.

Msuli na kano: Hapa ipo mitego miwili. Mtego wa kwanza ni huu: kano ya chini ya msuli wa mbele yaweza kukatika kabisa, na bado majeruhi akaweza kukunja kiwiko, kwa sababu ule msuli wa pili ulio chini yake wafanya kazi hiyo. Watu husema, "Mbona akunja mkono?" na kuliacha jambo. Lakini mwambie akunje kiwiko, kisha ageuze kiganja kitazame juu huku ukimzuia kidogo. Nguvu ikiwa imepungua sana, au msuli ukajikusanya juu kama yai, kano imekatika.

Mtego wa pili ni wa nyuma. Kano ya msuli wa nyuma ikikatika, mkono ukining'inia chini hunyooka wenyewe kwa uzito wake, na huonekana kana kwamba ni mzima. Kipimo ni kuinua mkono juu ya kichwa, kiwiko kikiwa kimekunjwa, kisha kujaribu kukinyoosha. Asiyeweza, kano yake ya nyuma ina shaka.

Jambo lolote kati ya haya likionekana, majeruhi asiishie kwenye zahanati. Apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji. Zahanati ina kazi yake muhimu ya kuzuia damu, kutia maji ya mshipani na kutoa rufaa, nayo isiachwe kando kama iko njiani.

6. MATIBABU HOSPITALINI

Daktari huanza na uhai wa mtu: damu iliyopotea, mapigo ya moyo na pumzi. Kisha huchunguza mkono kama tulivyoeleza, tena kabla ya kutia ganzi, kwa kuwa baada ya ganzi hakuna anayeweza kujua kama mtu hahisi kwa sababu ya jeraha au kwa sababu ya dawa. Picha ya eksirei hupigwa kutazama mfupa na kutafuta vipande vya chuma.

Halafu jeraha huoshwa kwa maji mengi. Kuosha ni nusu ya tiba yenyewe. Uchafu na nyama iliyokufa huondolewa, na dawa za kuua vijidudu hutolewa kwa kadiri jeraha lilivyo.

Si kila msuli uliokatwa hushonwa. Mkato mdogo wa juu juu waweza kupona wenyewe chini ya ngozi iliyoshonwa. Mkato wa kina, au msuli uliokatika kabisa, huhitaji kuunganishwa, la sivyo pengo hujazwa na kovu ambalo haliwezi kujivuta kama nyama ya msuli. Kushona msuli ni kazi ngumu. Nyama yake ni laini, uzi huikata na kuponyoka kama uzi katika ugali. Kwa hiyo daktari hushika pamoja na ule utando mgumu unaoufunika msuli. Kano, kwa kuwa ni kamba, hushika uzi vizuri zaidi. Tatizo lake ni jingine: ikikatika, msuli huivuta na ncha yake hukimbia juu. Katika siku za kwanza daktari huweza kuitafuta na kuirudisha. Majuma mengi yakipita msuli hufupika, ncha hugandamana na makovu, na huenda ikabidi kutumia kipande cha kano kilichotolewa mahali pengine.

Mshipa mkubwa wa damu hushonwa kwanza, mkono usife. Mshipa wa fahamu hushonwa kwa nyuzi nyembamba sana, nao hauponi siku moja. Nyuzi zake huota upya polepole kutoka mahali palipokatwa, kiasi cha milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Kutoka katikati ya mkono wa juu hadi kwenye vidole ni safari ya zaidi ya mwaka. Na misuli haisubiri milele: ikikaa mwaka mmoja au mmoja na nusu bila kupata fahamu hudhoofika kiasi cha kutorudi tena. Hesabu hii ndiyo ionyeshayo kwa nini miezi ya mwanzo haina fidia.

Jeraha chafu sana au lililochelewa huenda lisishonwe ngozi siku hiyo hiyo. Daktari huliacha wazi kwa bendeji, na kulifunga baada ya siku 3 hadi 5 likiwa safi. Ndugu wa mgonjwa wasidhani kuwa amepuuzwa. Kufungia uchafu ndani ni hatari zaidi.

Katika chama kimoja nilichokikagua, wanachama wawili walikatwa mkono katika msimu mmoja. Wa kwanza alipatwa na bati mbele ya kiwiko. Damu ilikuwa nyingi, watu wakaogopa, akafikishwa hospitali siku ile ile na kano ikashonwa. Baada ya miezi mitano alikuwa anachuma kahawa yake. Wa pili alikuwa na jeraha la upana wa vidole viwili tu, nyuma ya mkono, upande wa nje. Alishonwa ngozi katika duka la dawa. Mkono wake ulipolegea alidhani ni maumivu, na wenzake walimwambia kuwa utarudi ukipona kidonda. Kidonda kilipona, mkono haukurudi. Alipofika hospitali miezi kumi na minne ilikuwa imepita, na njia iliyobaki ilikuwa kuhamisha kano za misuli mingine ziinue kifundo cha mkono. Sasa anashika kikombe, lakini panga halishiki kama zamani. Jeraha lililoogopesha ndilo lililopona.

7. PEPOPUNDA

Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na katika mavi ya wanyama. Huingia kwa jeraha, hata dogo, na ugonjwa hujitokeza kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 21. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni taya kukaza. Kisha shingo na mgongo hukakamaa. Ukishaanza, tiba yake ni ngumu na watu wengi hufa.

Kinga ni chanjo. Akina mama wengi huipata wanapohudhuria kliniki za wajawazito. Wanaume wazima, ambao ndio wengi katika kazi za panga na mashine, huenda hawajachanjwa tangu utoto, au hawakuchanjwa kabisa. Mtu aliyekamilisha chanjo zake huongezewa dozi moja kwa jeraha chafu ikiwa miaka 5 imepita tangu dozi ya mwisho. Asiyechanjwa, au asiyejua, huanza upya: dozi ya kwanza siku ya jeraha, ya pili baada ya majuma 4, na ya tatu baada ya miezi 6 au zaidi, tena jeraha likiwa chafu hustahili kupewa na dawa ya kinga ya haraka. Wengi hupata ile ya kwanza na kusahau zilizobaki. Katibu aziandike tarehe hizo na kumkumbusha mwanachama.

8. KUPONA NA KURUDI KAZINI

Baada ya kushonwa msuli au kano, mkono huwekwa katika plasta au banzi, aghalabu kiwiko kikiwa kimekunjwa ili sehemu zilizoshonwa zisivutwe. Ikiwa ni kano ya nyuma, kiwiko huachwa kimenyooka zaidi. Muda hutegemea jeraha, nao huamuliwa na daktari, lakini kwa kawaida huwa majuma 2 hadi 3 kabla ya mazoezi mepesi kuanza. Katika muda huo vidole na bega visilale. Vichezeshwe mara nyingi kila siku, kwani kiungo kisichotikisika hukakamaa.

Hatari kubwa huja majuma ya katikati. Kidonda kimekauka, maumivu yamepungua, kahawa imeiva, na mtu anaona haya kukaa bure. Lakini kano iliyoshonwa haijawa imara. Nguvu yake hurudi kwa miezi. Kunyanyua ndoo ya maji katika juma la nne kwaweza kuvunja kazi yote ya daktari. Kwa kawaida mgonjwa hasubutu kubeba mzigo wowote kwa majuma 6, kisha huongeza kidogo kidogo kwa maelekezo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kazi nzito huanza baada ya miezi 3 au zaidi.

Arudi hospitali bila kungoja siku ya miadi akiona lolote kati ya haya: homa, usaha, wekundu unaoenea, harufu mbaya, vidole kuwa baridi au kufa ganzi, au maumivu makali yanayozidi kila vidole vinaponyooshwa na yasiyotulizwa na dawa. Hilo la mwisho laweza kuwa ni uvimbe unaobana damu ndani ya misuli, nalo ni la saa wala si la siku.

9. WAJIBU WA CHAMA

Kwanza, kila ghala na kila mtambo uwe na sanduku la huduma ya kwanza. Ndani yake pawe na mipira ya mikono, shashi, bendeji pana, vitambaa vya pembe tatu, mkasi, sabuni, na daftari na kalamu. Vifaa vikaguliwe kila mwezi, na ufunguo usikae nyumbani kwa mtu.

Pili, angalau watu wawili katika kila kituo wafundishwe huduma ya kwanza. Wajifunze kwa kufanya, wala wasiishie kusikiliza.

Tatu, chama kiwe na mpango wa usafiri: gari au pikipiki ya nani, nani alipe mafuta, hospitali ipi yenye upasuaji iliyo karibu. Kamati iamue kabla ya ajali. Kuitisha kikao wakati damu inatoka si utaratibu.

Nne, pawe na daftari la ajali: tarehe, saa, jina, kazi aliyokuwa akifanya, chombo, huduma iliyotolewa na mahali alipopelekwa. Bila daftari hilo, madai yoyote baadaye ni maneno matupu.

Tano, tutofautishe mwajiriwa na mwanachama. Karani, mlinzi au mtunza ghala aliyeajiriwa na chama analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndio ushughulikiao madai yake. Chama, kikiwa mwajiri, chapaswa kujisajili katika Mfuko, kuchangia, na kutoa taarifa ya ajali bila kuchelewa. Vilevile Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri azuie hatari hizo tangu mwanzo. Mwanachama aliyeumia katika shamba lake mwenyewe hana mwajiri, na Mfuko huo haumfikii. Kwake yeye msaada ni bima ya afya, na mfuko wa kusaidiana ambao mkutano mkuu waweza kuuanzisha kwa masharti yaliyoandikwa.

Sita, mwanachama aliyeumia asisukumwe kurudi shambani kabla ya wakati kwa hofu ya deni. Kamati ifikirie kumwongezea muda wa kulipa, na wenzake wamchumie kahawa kwa zamu. Mkopo uliocheleweshwa msimu mmoja hulipwa. Mkono uliokatika kano mara ya pili hulipa kwa shida.

Saba, tuzuie. Wafyekaji wapeane nafasi isiyopungua urefu wa mikono miwili pamoja na panga. Mpini uliolegea ukazwe kabla ya kazi. Panga libebwe likiwa ndani ya ala. Bati lipandishwe kwa kamba, na asisimame mtu chini. Mashine isifunguliwe kinga ikiwa inazunguka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mkutano ujao wa kamati, Ndugu Katibu, yaweke mambo haya saba katika ajenda, moja baada ya jingine, na kumbukumbu zionyeshe nani amepewa kazi ipi na kwa tarehe gani.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika